Siku Taifa Lilipoanza Kupungua

Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake ni refu kuliko upana wake, na wachora ramani huanza kuliandika kwao na kulimalizia katika nchi ya jirani, jambo ambalo limekwisha kuleta vita mara mbili. Anayehisi anaijua na anyamaze. Anayehisi ni kwao asije akasema nimewataja, maana sikuwataja.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja aitwaye Bi Sikitu binti Chande, Afisa Vipimo wa mji mkuu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akizunguka sokoni na rula yake ya chuma ya mita mbili kwapani, akikagua mizani, vibaba na vitambaa. Wauza nyama walimwogopa kuliko walivyowaogopa nzi. Alikuwa na muhuri mmoja wa shaba, na bila muhuri huo mita haikuwa mita wala kilo haikuwa kilo mbele ya sheria.

Rais wa nchi hiyo alikuwa Mheshimiwa Dakta Jemadari Kibwana, Nguzo ya Paa na Paa la Nguzo. Kila Jumatatu alihutubia taifa katika Uwanja wa Heshima, na kila Jumatatu waliosimama nyuma walilalamika kwamba hawamwoni. Waliosimama mbele nao walilalamika kwamba hawamwoni, lakini hao walikamatwa, kwa kuwa hawakuwa na udhuru.

Ndipo Waziri wa Ukubwa, Upana na Mambo ya Urefu, Mheshimiwa Pandu Ngwali, alipoagiza runinga ya uwanjani yenye kimo cha ghorofa saba. Siku ya kuifungua, Rais alionyeshwa akinywa chai. Kikombe kilikuwa kama tangi la maji la hospitali, na alipomeza, watu wa mstari wa mbele walijifunika wasilowe. Kwenye funda la pili nzi akatua puani mwa Rais. Pale juu nzi huyo alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe wa maziwa, na alikuwa akifikicha mikono kama mtu aliyekaribishwa pilau. Watu elfu tatu walitimua mbio. Wawili waliteguka vifundo, na karani mmoja wa posta alipanda mnazi ingawa hakuwahi kupanda hata ngazi. Jioni Wizara ilitoa taarifa kwamba nzi yule ametoka nchi za nje.

*

Wiki tatu baadaye Bi Sikitu alikuta foleni mlangoni mwa ofisi yake.

Wa kwanza alikuwa muuza mikate, amekokotwa na wateja wake. "Mama Afisa, mpime huyu! Mkate wake siku hizi ni kama kipande cha sabuni!"

Bi Sikitu akaulaza mkate kando ya rula. Ulikuwa na sentimita ishirini na mbili, kama sheria inavyotaka. Wa pili alileta samaki, wa tatu akaleta tikiti maji. Wa nne, bwana mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, alimleta mkewe.

"Huyu nilimwoa mkubwa," alisema kwa huzuni. "Mjomba wake ni shahidi."

"Na wewe je?" mkewe akamgeukia. "Mama Afisa, mtazame mwenyewe. Jana nilimtafuta chumba kizima nikidhani ametoka, kumbe yuko mbele yangu anavaa."

Bi Sikitu akawapima wote wawili, akatazama vitambulisho vyao. Hakuna aliyepungukiwa hata na ukucha.

"Sikilizeni, jamani," akasema. "Jicho ni kama ulimi. Ukishalamba asali, chai huioni sukari yake. Mnashinda uwanjani mkitazama pua yenye ukubwa wa nyumba, basi mkirudi nyumbani mnaiona nyumba ina ukubwa wa pua. Hapana kilichopungua."

Bwana mwenye kanzu akafikiri. "Na kama kila kitu kinapungua, Mama Afisa, rula yako imesalimika vipi? Si nayo imepungua pamoja nasi? Ndiyo maana ukitupima unatukuta tuko sawa!"

Foleni nzima ikampigia makofi. Bi Sikitu akaigeuza rula yake upande wa pili, akaanza kuipima kwa shubiri.

Nyumbani nako hakukumpa nafuu. Mumewe, Shaali, alikuwa seremala, mtu mrefu ambaye tangu siku ya harusi miguu yake ilikuwa ikichungulia nje ya kitanda. Sasa alilala amejikunja kama jongoo.

"Mama Mwaka," alimnong'oneza mkewe, "nikiona napita katikati ya kamba za kitanda, nitakuita. Unidake."

Alikuwa ameacha kwenda karakana. Kiti cha mwisho alichotengeneza kilikuwa na miguu inayozidi mlango, na alilazimika kukipanda kwa ngazi ili ajaribu kama kinakalika. Nje alikuwa hatoki tena.

"Kuku wa jirani aliniangalia juzi," alieleza. "Hakuniangalia kwa heshima."

Bi Sikitu akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona machozi machoni mwa mumewe, kicheko kikamkauka. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiinama kila mlango. Sasa alikuwa akipita milangoni wima, amejikunyata, akiomba samahani kwa kuchukua nafasi.

*

Serikali haikulala. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kupungua kwa Taifa, nayo ikakutana pale pale uwanjani mbele ya runinga, ikatazama, ikajitazama, ikatokwa na jasho, ikathibitisha kwamba hata wajumbe wake wamepungua. Ilipendekeza mambo mawili.

La kwanza, kwa kuwa dawa ya moto ni moto, runinga iongezwe iwe ya ghorofa kumi na nne.

La pili, lugha isafishwe. Wataalamu waligundua kwamba wananchi walikuwa wakijidogosha wenyewe kila walipofungua vinywa. Kila kitu kilikuwa ki-hiki na ki-kile, na taifa litakua vipi kwa mdomo wa namna hiyo? Ikaamriwa kwamba hadharani "ki" yote ya mwanzo wa neno ing'olewe, na panapobaki pengo itiwe "ji".

Amri hiyo ilileta maendeleo papo hapo. Kila kijiji kikawa jiji. Asubuhi moja nchi iliamka ina majiji elfu nne mia mbili, mengine yakiwa na mbuzi wengi kuliko watu. Ofisi ya Bi Sikitu ilipakwa rangi upya ikaitwa Idara ya Mapimo. Mahotelini mambo yalichanganya kidogo, kwa sababu mteja aliyeagiza kombe la chai na jiko la kukorogea aliletewa kombe la ubingwa wa mpira wa wilaya, na jiko lenyewe likaja linawaka makaa. Mabango ya barabarani yaliyokuwa yakisema "Vijana ndio taifa la kesho" yakafutwa na kuandikwa "Majana ndio taifa la kesho", na wazee wenye kumbukumbu walisema hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli kutolewa na serikali.

Jina la Rais lilileta mjadala mrefu. Kibwana ukiiondolea "ki" inabaki Bwana, na bwana ni kila mtu, hata mpiga pasi. Basi ikatiwa "ji", akawa Mheshimiwa Jibwana. Mtangazaji mmoja aliyebanwa na kikohozi katikati ya jina hilo, baada ya silabi mbili za mwanzo, hajasikika redioni mpaka leo.

Na bado watu walijiona wadogo. Runinga ilikuwa imekua mara mbili, basi nao walijiona nusu ya walivyojiona mwanzo.

*

Jumatano Waziri Pandu Ngwali alifika mwenyewe kwa Bi Sikitu, akifuatwa na wapambe wanne wamebeba sanduku la mahameli. Ndani yake mlikuwa na fimbo iliyonakshiwa kwa dhahabu.

"Bi Afisa," alisema Waziri, "tazama Mita ya Taifa."

Bi Sikitu akaiweka kando ya rula yake. "Mheshimiwa, hii ni sentimita sabini."

"Kwa vipimo vya kikoloni. Kwa vipimo vyetu ni mia. Ukishaigonga muhuri, kila raia atakuwa amerefuka kabla ya chai ya asubuhi. Wewe mwenyewe utapita mita mbili. Fikiria, mama! Na dawa yoyote hujaimeza!"

"Na atakayechimba kisima cha mita kumi? Hatafika kwenye maji."

"Atafika kwenye mita kumi," alisema Waziri.

"Na paa la darasa, likikatwa kwa fimbo hii, si litashindwa kufika ukutani?"

"Ukuta utasogea. Kila mtu ajitolee kidogo." Akafunga sanduku. "Ijumaa saa nne asubuhi nataka muhuri. Usipogonga, utapunguzwa."

"Si mnasema nimeshapungua?"

"Kazini, mama. Kazini."

Alipoondoka, Bi Sikitu aliutazama muhuri wake kwa muda mrefu. Angegonga, Shaali angerefuka kwenye karatasi, labda angekubali kutoka nje. Asipogonga, nyumba ingekuwa na watu wawili wasio na kazi na kiti kimoja kisichokalika.

*

Alhamisi alasiri, jua likiwaka hasa, alibisha hodi mtu amevaa koti la mvua linaloburura chini na kofia ya ukindu iliyomfunika mpaka masikioni.

"Karibu, baba. Tukupimie nini? Kitambaa? Kiwanja?"

"Nipime mimi," alisema mgeni. "Urefu. Wa kweli."

"Vua viatu."

Mgeni akavivua, na alipovivua akashuka shubiri nzima. Bi Sikitu akamsimamisha ukutani, akasimika rula.

"Mia moja hamsini na nane."

"Kwa mita ipi?"

"Mita ni moja tu, baba."

"Rudia. Tafadhali, mama, rudia."

Bi Sikitu akarudia. "Mia moja hamsini na nane. Wala haisogei."

Mgeni akaruka juu. "Ndiyo! Ndivyo nilivyoandikishwa jeshini! Mia hamsini na nane! Sijapungua hata punje!" Akacheza kwa miguu mitupu kuizunguka mizani ya magunia, koti likimfuata kama mkia, mpaka kofia ikamwanguka.

Uso Bi Sikitu hakuutambua, maana uso ule hakuwahi kuuona wote kwa mara moja. Uwanjani alikuwa akiutazama kwa mafungu, leo shavu, kesho kidevu. Alichokitambua ni sauti iliyokuwa ikitikisa madirisha ya mtaa wake kila Jumatatu.

"Mheshimiwa Rais," akasema, akashika ukingo wa meza.

"Kaa, mama, kaa." Rais akajipandisha kwenye gunia la mtama. "Hujui ninavyoishi. Kitanda changu napanda kwa ngazi. Juzi nusura nizame kwenye bafu, nikaokolewa na Mkuu wa Itifaki. Kikombe changu hubebwa na watu wawili. Nikichungulia dirishani najiona kule uwanjani, jitu la ghorofa kumi na nne. Kisha najitazama kwenye kioo cha kunyolea. Namuuliza daktari wangu, 'Je, nimepungua?' Ananijibu, 'Mheshimiwa hupimiki.' Miaka tisa, mama! Miaka tisa hapana mtu aliyethubutu kunisogezea rula. Nilianza kuogopa paka."

Bi Sikitu akamfikiria Shaali na kuku wake. Akamimina chai kwenye kikombe cha kawaida, akampa. Rais akakishika, akakigeuza, akatabasamu kama mtoto.

"Kinanienea mkononi," alisema.

Akaandikiwa cheti: urefu, tarehe, sahihi, muhuri. Akakisoma mara tatu, akakitia mfukoni.

"Mama, twende pamoja. Naenda kuizima ile runinga sasa hivi, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu mdogo."

*

Kwenye lango la Ikulu, sajini wa zamu akawazuia.

"Nani wewe?"

"Rais."

Sajini akainua macho kuelekea uwanjani, ambako Rais wa ghorofa kumi na nne alikuwa akirudia hotuba ya mwaka juzi kuhusu mihogo. Akayashusha mpaka kwa mwenye koti la mvua. Akayainua tena. Akayashusha.

"Baba," alisema kwa upole, "kumwigiza Rais kwa kipimo pungufu ni miaka saba. Nakuomba urudi nyumbani, una umri wa baba yangu mdogo."

"Mwite Pandu Ngwali!"

Waziri akaitwa, akaja akihema. Alimtambua papo hapo. Salamu ya heshima ikamfika ncha ya ulimi. Lakini Waziri Pandu alikuwa mtu wa kufikiri haraka. Rais wa kwenye runinga alikuwa hadai ripoti, habadilishi baraza, wala haulizi visima vimeishia wapi. Huyu wa chini, aliyekwisha kupimwa, angeweza kuanza kuuliza.

"Simfahamu mtu huyu," akasema. "Rais wangu yule pale."

"Pandu! Mimi ndiye niliyekupa uwaziri!"

"Aliyenipa uwaziri alikuwa mkubwa sana," alijibu Waziri, akawageukia walinzi. "Mkamateni pamoja na mwanamke wake. Na kwa kuwa taifa lazima lijifunze, wapelekwe uwanjani waonyeshwe hadharani, moja kwa moja, watu wote waone uongo ulivyo mdogo!"

Habari zikatangulia mbio. Walipofika, Uwanja wa Heshima ulikuwa umefurika. Walinzi wakamsukuma mwenye koti mbele ya kamera. Mpiga picha, aliyekuwa mtu mtiifu, akabonyeza.

Hotuba ya mihogo ikakatika, na pale juu, ghorofa kumi na nne kwenda mbinguni, akatokea Rais, hana viatu, nywele timutimu. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

"Huyo ni wa uongo!" akapaza sauti Waziri.

"Mbona mkubwa?" watu wakauliza.

"Si mkubwa! Mtazameni chini! Huyu hapa, kadogo haka!"

Watu wakatazama chini, wakatazama juu, wakatazama chini, mpaka shingo zikaanza kulia. Hakuna aliyejua amwamini nani, jicho lake au jicho lake.

Hapo Bi Sikitu akasogea mbele. Rula ilikuwa bado kwapani mwake. Walinzi hawakumnyang'anya, kwa kuwa orodha ya silaha ilikuwa imeandikwa kwa lugha iliyosafishwa na hawakuielewa. Akaisimika kando ya Rais mbele ya kamera, na kwenye runinga ikapanda rula ya chuma ya ghorofa kumi na nane, ncha yake ikitokea nje ya picha, kila alama pana kama mlango. Bi Sikitu akaweka kidole sawasawa na utosi wa Rais.

"Mnaosoma, someni!" akaita.

Sauti elfu kumi zikasoma pamoja, polepole, kama darasa la kwanza. "Mia moja... hamsini... na nane!"

Kila mtu akaweka kiganja utosini mwake mwenyewe.

"Kumbe ananifika sikioni," alisema mama mmoja muuza dagaa.

Kicheko kikaanzia kwake, kikaruka safu hadi safu, kikapanda ngazi za benki na kushukia upande wa pili. Rais alisimama ameganda. Kicheko hiki ndicho alichokuwa akikikimbia kwa miaka tisa, kwa viatu vya shubiri na runinga ya ghorofa kumi na nne. Sasa kilikuwa kimemfika, na ajabu, hakikumuuma. Kilikuwa kicheko cha watu waliopata pumzi. Naye akaanza kucheka, na kwa kuwa alikuwa bado kwenye kamera, koromeo lake likaonekana lote.

"Mama Mwaka! Mama Mwaka wangu yuko wapi?"

Alikuwa Shaali. Alikuwa amesikia mkewe amekamatwa, akatoka mbio bila kofia, akapita mbele ya kuku kumi na wanne bila hata kuwatazama.

"Njoo hapa, Baba Mwaka," akasema Bi Sikitu. "Simama hapa. Nyoosha mgongo."

Shaali akajinyoosha kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mkeka wa zamani. Uwanja ukasoma: "Mia moja themanini na tisa!"

"Themanini na tisa," akanong'ona Shaali. Akajipapasa kichwa. "Bado nipo wote?"

"Wote, mume wangu. Hata hukuacha kitu."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. Uwanja mzima ukajipanga foleni: mama wa dagaa, sajini wa zamu, bwana mwenye kanzu na mkewe wakisukumana nani atangulie. Kila aliyesimama kando ya rula alisomewa kwa sauti, na kila aliyesomewa alishangiliwa kana kwamba ndiye aliyejizaa. Magharibi ilipoingia walikuwa wamepimwa watu mia sita, mbuzi wawili na mkate.

*

Runinga ilizimwa kesho yake, na Mita ya Taifa ikapelekwa jikoni Ikulu kusongea ugali. Lugha ikarudishiwa "ki" zake. Majiji machache yalikataa kurudi kuwa vijiji, yakaachwa yazeeke yenyewe.

Rais akaanza kupita sokoni kwa miguu. Zamani watu walidhani yuko juu mno kusikia, sasa wakagundua kwamba sikio lake liko karibu kabisa na mdomo wa mtu. Wakaanza kumweleza habari za mabomba, na yeye akaanza kuuliza.

Waziri Pandu Ngwali alieleza kwamba siku ile langoni alikuwa akijaribu uimara wa ulinzi. Maelezo yakapokewa, akahamishiwa wizara mpya ya Unyenyekevu na Mambo ya Kuinama. Huko ndiko lilikomkuta tatizo jingine. Kwa kuwa taifa zima sasa lilijua urefu wa Rais, Baraza la Mawaziri lilikaa faraghani na kugundua, kwa hofu kuu, kwamba kila mjumbe wake anamzidi.

Jumatatu iliyofuata Waziri Pandu aliingia ofisini kwa Bi Sikitu akiwa amevaa kanzu ndefu na pana kuliko kawaida yake, akitembea kama bata aliyebeba mzigo.

"Bi Afisa, nimekuja kupimwa. Nataka cheti chenye muhuri."

"Simama wima, Mheshimiwa."

"Nimesimama," alisema Waziri, jasho likimchuruzika.

Bi Sikitu akaitazama kanzu ilivyotuna kwa mbele. Akasimika rula, akapima kilichokuwa mbele yake, akaandika, akagonga muhuri, akampa karatasi.

Waziri akaiona tarakimu ya mia moja hamsini na saba, akabusu muhuri, akamshukuru Bi Sikitu mara nne, akatoka mbio fupi fupi kuwahi Ikulu akaikabidhi mkononi mwa Rais mwenyewe. Ni Rais aliyeusoma mstari wa pili, ulioandikwa kwa mkono safi chini ya ule wa kwanza: "Akiwa amekunja magoti."